Kabla Hujaachia Programu Yako, Sema Inataka Mfumo Gani

Ukiachia programu huria watu waitumie, mstari wa mfumo endeshi ukae juu kabisa ya README, lile faili la maelezo linaloambatana na programu, kabla ya picha na shukrani. "Inafanya kazi Windows" si maelezo. Windows ipi?

Taja biti, 32 au 64. Kwa Mac, taja kama ni ya chipu ya Intel au ya chipu za Apple, M1 na kuendelea. Kwa Linux, taja usambazaji (aina ya Linux, kama Ubuntu) na toleo lake: Node.js 18, kiendeshi cha programu za JavaScript, inataka glibc 2.28, maktaba ya msingi ya Linux, wakati Ubuntu 18.04 inakuja na 2.27. Kanamba kamoja tu, na programu haiwaki.

Sasa hili lilinikuta mwenyewe. Niliandika kiprogramu cha Python cha kuhesabu mzigo wa dukani, nikakifunga kwa PyInstaller kiwe faili moja la exe. Mama mmoja muuza vitenge Kariakoo alikitumia miezi kadhaa kwenye laptopu yake ya mtumba yenye Windows 7, bila shida. Nikatoa toleo jipya. Nilichogusa kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, ni rangi ya vitufe na tahajia mbili, basi. Akapakua kwa bando lake, akabofya, akakutana na ujumbe kwamba faili api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll, moja ya mafaili ya Windows ambayo programu huyategemea, halipo.

Kumbe hapo katikati nilishahamia Python 3.9, na Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Kodi yangu haikuwa na haja yoyote na Windows mpya. Sharti lilipanda kutoka chini, kwenye kile nilichojengea, na mimi sikuangalia.

Mama hakunipigia. Kijana wake wa dukani aliisaka hiyo dll mtandaoni, akaishusha kwenye tovuti asiyoijua, na wiki ile ile mashine ikaanza kujifungulia matangazo. Simu ilipokuja: "Mwanangu, kitu chako kimeniletea virusi." Nikapanda daladala, nikashinda nyuma ya marobota ya vitenge hadi magharibi nikiokoa hesabu zake faili moja moja. Chai alininunulia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa toleo, soma masharti ya lugha, ya maktaba (kodi za wengine unazotumia) na ya kifungashio kama PyInstaller. Lililo kali kuliko yote ndilo sharti lako. Likibadilika, liandike kwenye orodha ya mabadiliko hata kama kodi haikuguswa, na toleo la zamani liache palepale lipakulike. Si lazima uibebe Windows 7, Microsoft wenyewe waliiacha Januari 2020. Lazima useme tu kwamba umeiacha.

Mwelekeze mtu pa kuangalia: kitufe cha Windows pamoja na R, kisha aandike winver. Andika kwa Kiswahili kama watumiaji wako ni wa hapa. Taja ukubwa wa faili, bando linauma. Tenga "nimejaribu" na "nadhani itakubali", na uweke tarehe uliyojaribu. Halafu usijaribie kwenye mashine unayoandikia kodi, maana hiyo ina kila kitu tayari na itakudanganya. Azima ya jirani.