Mboga za kukaanga chapuchapu: vita yangu na maji

Kwa miaka kadhaa niliamini nakaanga mboga, kumbe nachemsha. Nilikuwa natupia kila kitu kwenye kikaango kwa mpigo mmoja, karoti, hoho, kabichi, halafu nageuza bila kupumzika. Dakika mbili hazijaisha, maji yametanda chini, mboga zimenywea, rangi imepauka. Nililaumu jiko. Nikalaumu kikaango. Nikanunua sosi za kila aina, nikapata mboga za kuchemsha zenye ladha ya sosi.

Mboga nyingi ni maji kwa asilimia 90 hivi, na zikipata joto huyatoa. Maji yakichemka hayavuki nyuzi 100 za selsiasi, ilhali ile rangi ya kahawia na harufu ya kitu kilichokaangwa huanza kujitokeza karibu na nyuzi 140. Maadamu kuna maji yaliyosimama kwenye kikaango, moto wako wote unaishia kuyakausha. Ukishalielewa hilo, mengine yote ni kazi ndogo.

Kwa hiyo anza na kukausha. Osha mboga, zikung'ute, kisha zitandaze juu ya kitambaa kikavu. Brokoli ndiyo yenye hila: hunywesha vile vichwa vyake maji na kuyaficha humo. Ishike kwa shina, igeuze kichwa chini, ikung'ute juu ya sinki mpaka matone yakome.

Halafu kata kila kitu kabla ya kuwasha jiko. Nasisitiza, kila kitu. Kukaanga kwenyewe ni dakika saba au nane, kukata ni robo saa au zaidi, na ukijidai utamalizia hoho huku kitunguu kiko motoni, kitunguu kitaungua. Kwa watu wawili mimi hutumia karoti moja, hoho moja, nusu kichwa cha brokoli, kitunguu maji kimoja, punje mbili za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Karoti naikata mshazari, vipande vyembamba vya milimita 3 hivi. Hoho, upana wa kidole. Brokoli naitenga vichwa vidogo vidogo, kisha kila kichwa nakipasua katikati kipate upande bapa, kwa kuwa panapogusa chuma ndipo panapopata rangi.

Sosi nayo iwe tayari kikombeni: vijiko vikubwa viwili vya sosi ya soya, vitatu vya maji, kijiko kidogo cha wanga wa mahindi na nusu kijiko kidogo cha sukari. Maji yawe baridi, la sivyo wanga utafanya madonge.

Sasa moto. Kama kikaango chako ni cha chuma, kibandike kitupu kwenye moto mkali dakika moja au mbili, kisha dondoshea tone la maji. Likitulia na kutokota, bado. Likijiviringisha kama shanga na kukimbia huku na huku, tayari. Acha likauke, mimina kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mafuta. Kikaango kisichogandisha usikipashe kitupu hivyo, utaharibu utando wake. Tia mafuta kwanza, na moto uwe wa wastani kuelekea mkali.

Zinatangulia zile ngumu: karoti na brokoli. Zitandaze, kisha ziache. Hapa ndipo mkono huwasha, unatamani kugeuza. Weka mwiko chini uhesabu hadi 60. Ukija kugeuza kipande cha brokoli utaona upande bapa umepata madoa ya kahawia, na kijani cha juu kimekolea kuliko kilivyokuwa kibichi. Geuza, endelea dakika mbili.

Wakati huo tumia masikio. Mafuta yanapaswa kulia kwa ukali bila kukoma. Mlio ukishuka ukawa kama wa uji unaotokota, umejaza kikaango kupita kiasi. Toa nusu, uikaange kwa zamu yake. Kwa watu wanne mimi hukaanga mara mbili, na bado ni haraka kuliko kusubiri bwawa likauke.

Tia kitunguu maji na hoho, dakika moja na nusu. Sogeza mboga pembeni, dondoshea mafuta kidogo katikati, weka kitunguu saumu na tangawizi. Najua wengi huvianza hivyo viwili. Mimi sivianzi, maana kwenye moto mkali kitunguu saumu huungua kabla karoti haijashtuka, na uchungu wake haufichiki. Sekunde 20, kikinukia tu, changanya vyote. Kama una majani laini kama mchicha, huu ndio wakati wake.

Koroga tena ile sosi, kwani wanga hutuama chini ya kikombe, uimwage kuzunguka kingo za kikaango. Itachemka papo hapo, itakuwa nzito na kung'aa. Nusu dakika, zima. Onja ndipo ufikirie chumvi: sosi ya soya ina ya kwake, na chumvi ikitiwa mapema huvuta maji yale yale tunayoyakimbia.

Karoti ikikushinda, kabla ya sosi nyunyizia vijiko viwili vya maji, funika dakika moja, funua yakauke. Ndiyo, maji, lakini haya umeyaita mwenyewe, na unajua yanaondoka lini.

Pakua hapo hapo. Usifunike, mvuke utazilainisha zote. Siku moja nilimfunikia mgeni aliyechelewa nusu saa, tukala kitu cha kijivu kwa adabu kubwa. Siku hizi zinazomsubiri ni mboga zilizokatwa. Kikaango nakibandika nikisikia hodi.