Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya vichekesho kuhusu mgahawa wa familia unaoyumba, Mtwara

Mwongozo huu ni wa filamu ya dakika 15: waigizaji wakuu watano, lokesheni moja, simu yenye kamera nzuri, na siku nne za kushuti. Mfano ni mgahawa wa wali samaki Mtwara mjini, ila hatua zote zinafaa Lindi, Masasi au Mikindani.

Hatua ya 1: Anza na daftari la madeni, skripti baadaye

Vichekesho vingi vya mgahawa vinakosa nguvu kwa sababu mtazamaji haoni shida iko wapi. Anaambiwa biashara ni mbaya, kisha anaoneshwa watu wakigongana na masufuria. Shida inatakiwa ihesabike kwa vidole.

Kwetu kusini chanzo kipo tayari. Mkulima wa korosho hapokei pesa siku anayopeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika. Mzigo unaingia ghalani, unasubiri mnada, mnunuzi analipa, ndipo pesa inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Katikati hapo mtu anakula, na anakula kwa mkopo: "Mama, niandike, korosho ikilipwa nakuja."

Weka hesabu. Tuseme sahani ni shilingi 4,000, na kuiandaa kunagharimu 2,600 ukijumlisha mchele, samaki, nazi, mafuta, mkaa na posho ya msaidizi. Kwa siku zinatoka sahani 40, za taslimu 25 na za mkopo 15. Droo inapokea 100,000 wakati matumizi ni 104,000. Mgahawa umejaa, mchuzi unasifiwa, na kila jioni zinapungua shilingi 4,000. Wakiongezeka wakopaji watano tu, matumizi yanafika 117,000 na droo ni ile ile. Kadiri mama anavyopika vizuri ndivyo familia inavyozidi kuzama, na hicho ndicho kichekesho chenyewe. Bei hizo ni za mfano. Kaa na mama lishe wa mtaani kwako, umuulize za kwake za wiki hii, umlipe muda wake.

Sasa andika daftari lenyewe kwa mkono, kurasa zisizopungua kumi, maana kamera italisogelea. Tumia kalamu mbili za rangi tofauti na miandiko miwili, wa mama na wa binti. Wadeni waandikwe kama wanavyoandikwa kweli: "Fundi baiskeli", "Mzee wa Naliendele", "Yule wa kofia". Alama ya kidole chenye mafuta kwenye kona ya ukurasa inasema mengi kuliko maneno.

Hatua ya 2: Kila mtu aokoe mgahawa kwa njia yake

Usiandike mjinga. Andika watu watano wenye akili timamu, kila mmoja na dawa yake, na dawa ya huyu iharibu ya yule. Baba hawezi kumwambia mtu mzima "lipa". Mama hakubali kupunguza kipande cha samaki. Binti ameandika ukutani kwa rangi nyekundu "Kukopa harusi, kulipa matanga". Msaidizi wa jikoni anawaongezea wali wanaomsalimia vizuri. Wa tano ni mjomba, kaka yake mama. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo umezoea kufuata upande wa mama na neno la mjomba ni zito. Akija na ushauri mbovu kuhusu biashara ya dada yake, hakuna wa kumkatalia mezani. Baba atamwitikia "ndiyo shemeji" huku uso unasema mengine, na sini hiyo inajiandika yenyewe.

Kuigiza lafudhi ya Kimakonde ili watu wacheke ni uvivu, na hadhira ya Mtwara itakuchoka kabla ya dakika ya tatu. Mzee akizungumza Kimakonde, azungumze jambo la maana, uweke maandishi ya Kiswahili chini.

Hatua ya 3: Skripti na kichekesho kinachorudi

Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja, lakini majibizano ya haraka hukimbia, kwa hiyo andika kurasa 17 au 18 kupata dakika 15. Sini zisizidi kumi na mbili.

Tafuta kitu kimoja kirudi mara tatu. Kwenye mfano wetu ni kipande cha nguru. Sini ya pili, mama anakata nguru wa kilo 2 vipande 10, kila kimoja karibu gramu 200. Sini ya tano, baada ya kikao cha familia, nguru kama huyo anatoa vipande 14. Sini ya tisa mjomba ameshika kisu mwenyewe: vipande 20. Mtazamaji sasa anajua wali utafika mezani na kijipande. Anaingia mdeni mkubwa kuliko wote, ameongozana na mama mkwe wake. Mama hawezi kuweka kijipande mbele ya mkwe wa mtu. Anafungua sufuria ya akiba na kupakua vipande viwili vya ukubwa ule wa mwanzo. Binti anatazama sahani, anatazama daftari. Hasemi neno.

Kichekesho hiki kinasimama kwa mpangilio wa kamera. Sahani ile ile, meza ile ile, kamera juu kwa urefu ule ule, mara zote tatu. Bandika utepe sakafuni penye miguu ya stendi na mezani panapokaa sahani. Ukibadilisha pembe, mtazamaji hawezi kulinganisha vipande na kicheko hakitoki. Samaki anasinyaa akikaangwa, kwa hiyo linganisha ukubwa baada ya kukaanga. Kijipande chembamba kuliko sentimita moja na nusu kitavunjika ukikigeuza: kata samaki angali na barafu kidogo, mafuta yawe ya moto sawasawa, geuza mara moja tu.

Hatua ya 4: Ruhusa na msimu

Filamu nchini inasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Omba kibali cha kushuti mapema, kisha peleka taarifa ofisi ya serikali ya mtaa. Ruhusa ya mwenye mgahawa iwe ya maandishi. Usielekeze kamera bandarini wala kwenye mitambo ya gesi bila ruhusa ya wahusika.

Juni hadi Septemba ni kukavu na ndiyo miezi rahisi, ila kusi linavuma na karibu na bahari kama Shangani litaingia kwenye maiki. Ukitaka mabibo mabichi na magunia ya korosho mpya, subiri msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba hivi. Mabibo hayakai, yachume asubuhi ya siku ya kushuti. Mvua ikianza, sauti chini ya bati haitumiki kabisa. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa Oktoba na tena mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri linasimama karibu wima juu ya Mtwara, na macho ya waigizaji yanageuka mashimo meusi. Sini za nje zifanywe kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Hatua ya 5: Sauti

Hapa ndipo filamu nyingi za mgahawa zinaharibikia. Zima feni. Zima friji, na ukiizima weka funguo za gari au pikipiki ndani yake, usije ukaondoka na kuacha samaki wa mwenye nyumba waoze. Maiki ndogo ya kubana nguoni ikae kifuani, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, mbali na kanga inayosuguana.

Usikaange wakati watu wanaongea. Mafuta yanayochemka hufunika herufi za s na sh, na hakuna programu itakayozirudisha vizuri. Waigizaji wageuze samaki kwenye kikaango baridi. Mlio wa kukaanga urekodi peke yake baadaye, dakika mbili, maiki nusu mita kutoka kwenye kikaango. Kabla ya kufungasha, wote wanyamaze, urekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 60. Utauhitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Panga ratiba ukijua saa za adhana na saa bodaboda zinapojaa kijiweni.

Hatua ya 6: Chakula mbele ya kamera

Sini ya kula yenye pembe tatu za kamera na teki tatu (kila pembe ikirudiwa mara tatu) inahitaji sahani tisa zinazofanana. Kilo moja ya mchele hutoa sahani saba hadi nane, kwa hiyo pika kilo moja na nusu. Mwigizaji aseme kwanza, ndipo atie tonge dogo. Mdomo uliojaa unaua mstari. Piga picha ya sahani mwisho wa kila teki. Ugali wa muhogo hukauka juu haraka, ufunike kwa kitambaa kibichi. Mvuke hauonekani mbele ya ukuta mweupe: weka taa nyuma ya sahani na kitu cheusi nyuma yake. Chakula kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kitupwe. Cha wafanyakazi kipikwe sufuria nyingine.

Hatua ya 7: Kamera

Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa zitapepesa. Funga mwanga, fokasi na rangi ya taa zisijibadilishe zenyewe. Futa lenzi kila teki. Mvuke wa nazi na mafuta huacha utando. Shoti ziwe pana, anayeongea na anayeumia kwa maneno waonekane pamoja. Mstari ukiisha, subiri sekunde tatu kabla ya kusema "kata".

Hatua ya 8: Kuhariri na kupima

Mahali pasipochekesha, punguza maandalizi kabla ya kugusa mzaha wenyewe; mara nyingi kuondoa fremu sita tu kabla ya jibu kunatosha. Muziki uwe na ruhusa ya mwenye nao, hata ngoma ya sindimba uliyorekodi mwenyewe: wapigaji waandikishwe na walipwe. Toa faili ya 1920 kwa 1080, megabiti 10 kwa sekunde. Dakika 15 zitakuwa takriban gigabaiti 1.1.

Kisha kodi kibanda umiza (banda la kuoneshea video) kwa saa moja mchana, ingiza watu ishirini wasiokujua, ukae mbele ukitazama nyuso zao na wala si skrini. Andika dakika na sekunde ya kila kicheko, na kila mtu anapotoa simu mfukoni. Sehemu mbili mfululizo zikitoa simu mifukoni, sini iliyo katikati yake iondoke, kisha peleka nakala ya mwisho Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuionesha kwa kiingilio.