Pumu ya ngozi kwa mtoto mchanga anayenyonya: namna ya kuituliza inapochachamaa

Pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 2 na 6, yaani wakati ambao chakula chake kikuu ni maziwa ya mama. Ndiyo maana mama huwa wa kwanza kuulizwa amekula nini, na baada ya maswali hayo wapo wanaoacha kunyonyesha, au wanaojinyima vyakula mpaka wakadhoofika, ilhali ngozi ya mtoto imebaki vilevile. Chanzo kikubwa kimo katika ngozi yenyewe. Watoto wengi wenye ugonjwa huu wamezaliwa na ngozi isiyohifadhi maji vizuri, na baadhi yao wamerithi upungufu wa protini iitwayo filagrini, ambayo kazi yake ni kuimarisha tabaka la juu la ngozi. Unyevu unatoka, vitu vya kuwasha vinapenya, na ngozi inavimba na kuwasha. Kwa hiyo tiba huanzia juu ya ngozi, na mama aendelee kunyonyesha bila hofu.

Kwanza hakikisha kwamba unachokiona ni pumu ya ngozi. Katika umri huu hukaa mashavuni, kwenye paji la uso, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu, huku sehemu inayofunikwa na nepi ikisalimika kwa kawaida. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu, kwa sababu mabaka huweza kuwa ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokolea. Pitisha mgongo wa kidole taratibu shavuni na utahisi mkwaruzo kabla jicho halijauona. Vipele vikiwa viganjani na kwenye nyayo, na watu wengine nyumbani wakiwa wanajikuna hasa usiku, huenda huo ni upele wa kuambukiza, ambao tiba yake ni nyingine kabisa.

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, ambayo kiwiko chako hakiyahisi kuwa ya moto wala ya baridi, kwa dakika 5 hadi 10 tu. Sabuni ya kawaida hukausha ngozi, hivyo tumia kisafishaji laini kisicho na manukato, na hicho nacho ukitumie pale penye uchafu tu. Usimsugue kwa dodoki wala taulo. Mkaushe kwa kumgusagusa, kisha mpake mafuta papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kwa sababu unyevu huo ndio unaotaka kuufungia ndani.

Kwenye mafuta ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tunapaka kidogo mno na tunaacha mara ngozi inapopendeza. Chagua mafuta mazito yasiyo na manukato, kama mafuta ya mgando, kuliko losheni nyepesi ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Mpake mwili mzima angalau mara mbili kwa siku, hata siku ambazo hakuna baka, ukifuata uelekeo wa malaika, yaani vinyweleo vya mwilini. Mtoto ambaye ugonjwa umemwenea anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki moja, na huo si ubadhirifu. Chota kwa kijiko safi ili vidole visiingize vijidudu koponi. Mafuta ya zeituni, ingawa yanasifiwa sana, hudhoofisha tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo yaache jikoni. Kumbuka pia kwamba nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya mgando hushika moto upesi. Yaweke mbali na jiko na mshumaa.

Kwa mtoto anayenyonya, tazama kwa makini kidevu na shingo. Anaponyonya, maziwa yaliyochanganyika na mate hutiririka kutoka pembe ya mdomo, yakapita chini ya kidevu na kutuama katika mkunjo wa shingo, na hapo ngozi hulowa mpaka ikachubuka. Kabla ya kumnyonyesha, paka mafuta ya mgando kuzunguka mdomo na ndani ya mkunjo ili maziwa yateleze juu yake. Akimaliza, inua kidevu kwa kidole kimoja, futa kwa kitambaa laini kilicholowa maji, kausha, kisha paka tena. Angalia pia kinachogusa shavu lake: blauzi yenye nakshi, sufu, au manukato uliyojipulizia kifuani. Nguo za pamba, zilizosuuzwa mara mbili na zisizo na manukato, ndizo zinazomfaa. Usimfunike kupita kiasi, kwa sababu joto na jasho huamsha mwasho, na kucha zake ziwe fupi.

Mabaka yakichachamaa licha ya mafuta, mtoto anahitaji dawa ya kuondoa uvimbe, na mara nyingi daktari huanza na haidrokotisoni ya asilimia 1. Dawa hii ni steroidi, na jina hilo huwatisha wazazi, lakini steroidi hafifu inayotumika kwa maelekezo ni salama, na mama anaweza kuendelea kunyonyesha kama kawaida. Kipimo chake ni mstari wa dawa uliokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza: ni takriban nusu gramu, na hutosha eneo la ngozi lenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka kwenye mabaka pekee, kwa siku ulizoagizwa, wala usikatishe kwa sababu tu mwasho umepungua. Usimpake kamwe krimu ya mtu mzima iliyobaki nyumbani wala ile iliyochanganywa na isiyo na lebo, kwa sababu huenda ina steroidi kali, nayo ngozi ya mtoto hunyonya dawa nyingi kuliko yako. Mabaka meupe au meusi yanayobaki ngozi ikishatulia ni alama za uvimbe wenyewe, na hufifia baada ya miezi kadhaa.

Kuhusu chakula cha mama, zipo hali zinazostahili kuchunguzwa: ugonjwa mkali usiotulia ingawa tiba inafuatwa vizuri, hasa ukiambatana na damu kwenye choo, kutapika mara kwa mara au uzito usioongezeka. Hapo daktari anaweza kumwomba mama aache maziwa ya ng'ombe kwa wiki 2 hadi 4, kisha ayarudishe ili ijulikane kama kweli ndiyo yaliyosababisha. Kuyarudisha ni sehemu ya kipimo, na mama asiache vyakula vingi kwa mkupuo.

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo mabaka yakianza kutoa majimaji, usaha au magamba ya manjano, au akipata homa na kukataa kunyonya. Dharura kubwa zaidi ni malengelenge madogo yaliyojikusanya, yanayopasuka na kuacha vidonda vya mviringo vinavyofanana, kwa sababu hayo huweza kuwa maambukizi ya virusi vya herpesi, yanayohitaji dawa bila kuchelewa. Virusi hivyo mara nyingi hutoka kwenye kidonda cha mdomoni cha mtu mzima, kwa hiyo mwenye kidonda cha namna hiyo, hata akiwa bibi au babu, asimbusu mtoto mpaka kipone kabisa.