Namna ya Kuichunguza Historia ya Kampuni ya Programu Kabla ya Kuikabidhi Data za Utafiti

Mkorosho uliopandwa leo katika shamba la majaribio la Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mtafiti anayetaka kujua kama aina hiyo inastahimili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, atalazimika kuupima misimu mingi mfululizo kabla ya kutoa kauli ya kuaminika. Programu anayoingizia vipimo hivyo huenda isiufikie msimu wa mwisho. Kwa hiyo kituo cha utafiti, chuo au chama cha ushirika kinachotaka programu ya kutunza data za kisayansi, hasa kutoka kwa kampuni ndogo, kiulizie historia ya kampuni hiyo kabla ya kuulizia bei.

Anza kwa kuuliza programu ilibuniwa kutatua shida ya nani, na fedha za kuiendeleza zilitoka wapi. Mfano mzuri wa kujifunzia ni HDF, muundo wa mafaili ya kisayansi ulioanza kubuniwa mwaka 1987 katika NCSA, kituo cha kompyuta kuu cha Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani. Watafiti wa hapo walitumia mashine za aina mbalimbali, kila moja ikihifadhi tarakimu kwa namna yake, nao walihitaji faili linaloweza kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine pasipo kuharibika. Katika miaka ya 1990 NASA iliuchagua muundo huo kwa data za setilaiti zake za kuichunguza dunia. Toleo la HDF5, lililotoka mwaka 1998, liliandaliwa kwa msaada wa maabara za Wizara ya Nishati ya Marekani, kwa kuwa mafaili ya watafiti yalikuwa yanakua kupita kikomo cha gigabaiti 2 cha toleo la awali, HDF4. Mwaka 2006 wataalamu wenyewe walitoka chuoni wakasimama kama HDF Group, kampuni ndogo isiyolenga faida. Ninaithamini historia hii kwa sababu, katika kuhama kote huko, maelezo ya namna faili linavyopangwa ndani yalibaki wazi kwa umma. Hata kampuni ingefungwa, mtaalamu mwingine angeweza kuandika programu ya kulisoma.

Baada ya hapo chunguza jinsi kampuni ilivyovuka kutoka toleo moja hadi jingine, maana hapo ndipo data nyingi hupotea bila kelele. HDF5 haikuweza kuyasoma mafaili ya HDF4 moja kwa moja. Hata hivyo toleo la zamani liliendelea kutunzwa, kwani setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999, ilikuwa ikizalisha data kwa muundo huo, na zana za kubadilisha mafaili zilitengenezwa. Kampuni iliyo mbele yako iombe faili lililotengenezwa kwa toleo lake la kwanza kabisa, kisha wakufungulie kwa toleo la leo, papo hapo, ukiona kwa macho yako. Mwakilishi akikuambia kwamba ni lazima kwanza lipelekwe makao makuu, andika jibu hilo katika taarifa yako kama lilivyo.

Usajili wa kampuni ya Tanzania huulizwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Kwa kampuni ya nje, soma maelezo yanayoambatana na kila toleo, na utazame kurasa zake za zamani katika Internet Archive, inayohifadhi kurasa za mtandao tangu mwaka 1996. Utaona ni bidhaa zipi ziliwahi kutangazwa kisha zikaachwa.

Jaribio ninalolitegemea kuliko yote ni la kuzitoa data kwenye programu. Ingiza data za msimu mmoja, zitoe zote katika mafaili ya CSV, yaani maandishi ya kawaida yanayotenganishwa kwa mkato, kisha zifungue katika kompyuta nyingine isiyo na programu hiyo wala intaneti. Sharti la intaneti si dogo: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na data zilizokaa kwenye seva za nje pekee hazikufikika kirahisi. Angalia kama kila kipimo kimetoka na kizio chake, namba ya mti, jina la aina na aliyepima. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, ili 04/05 isisomwe Aprili na mtu mmoja, Mei na mwingine. Kuhusu saa, kwetu jambo hili lina uzito wa pekee: anayeandika "saa 2" asubuhi shambani ana maana ya 08:00, na programu iliyotengenezwa ng'ambo itaipokea kama 02:00 bila kulalamika.

Utambulisho wa kila kitu uwe na maana hata nje ya programu. Katika uchimbaji wa mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, mashimo yalipewa herufi, na mfupa ulifungashwa ukiwa na alama ya shimo lake kabla ya kubebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Hadi leo mtafiti anayesoma alama SII huko Berlin, mifupa hiyo ilikopelekwa, anajua kwamba ni kiunzi cha pili cha shimo S. Namba inayozalishwa na programu yenyewe haina uwezo huo, hivyo iongezee namba yako ya kitalu na mti.

Mkataba utaje kwamba data ni mali ya kituo, na kwamba zitatolewa kamili leseni ikiisha au kampuni ikiuzwa. Kama zina majina ya wakulima, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahusika. Hatimaye mteue mtu mmoja wa kuzitoa data kila mwaka, mavuno yakiisha na kabla mikorosho haijachanua tena, nakala moja ibaki Mtwara na nyingine ihifadhiwe mji mwingine.