Kuimbisha ukiwa kwenye kinanda

Katika makanisa mengi ya Kisumu na Kakamega, pambio haliji na ki (key, yaani sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake) iliyotangazwa. Mama mmoja anainua sauti kutoka kitini, kayamba inaingia, na mpiga kinanda ana mistari miwili tu kabla ya kanisa zima kupokea. Anayetaka kuwa mwimbaji na mpiga kinanda kwa wakati mmoja aanzie hapo, kabla ya mbwembwe za vidole.

Mstari wa kwanza usibonyeze chochote. Sikiliza sauti ambayo wimbo unatulia juu yake mwishoni; katika mapambio mengi hiyo ndiyo do. Ivumishe ukiwa umefumba mdomo, punguza sauti ya kinanda, kisha gusa kitufe kimoja cha besi kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Ukikosa, panda au shuka kitufe kimoja kimoja, vyeusi vikiwemo. Kosa linaloumiza masikio ni kujaribu kodi (chord, vitufe kadhaa vinavyopigwa pamoja) nzima tatu nne hadharani: besi moja isiyo sahihi hupita bila kutambuliwa, lakini kodi isiyo sahihi huwayumbisha hata waliokuwa wameshika. Wakati mwingine waimbaji huwa katikati ya vitufe viwili. Usiwakimbize. Ngoja ubeti uishe, piga kodi ya kwanza kwa mapigo manne yenye nguvu, uimbe juu yake, nao watakufuata.

Wimbo ukiuanzisha wewe, chagua ki kwa kuangalia sauti ya juu kabisa. Waumini wengi hawafurahii kupita D ya juu, hasa ibada ya asubuhi. Wimbo unaofika mi ya juu ukiwa C utawapeleka E. Ushushe hadi B bapa (B flat), mi itakuwa D na hakuna atakayepiga kelele badala ya kuimba.

Kitufe cha transpozi, kinachohamisha ki ya kinanda kizima, ni msaada halali, ila kina mtego wake: wimbo uliopita umekiacha +3, wewe unadhani uko C, kumbe uko E bapa na gita la besi liko kwingine. Kwenye vinanda vingi vya Yamaha, kubonyeza + na − pamoja hurudisha 0. Fanya hivyo kila wimbo unapoisha, mkono uzoee wenyewe.

Kwa mkono wa kulia, kodi tatu za C ziwekwe karibu karibu: C-E-G, kisha C-F-A, kisha B-D-G. Angalia: kwenda ya pili, C haisogei kabisa, kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, G ndiyo inayobaki. Vidole visiporuka, macho yanabaki kwa watu na pumzi haikatiki. Usipige melodia unayoiimba, kwa sababu kila unapoipamba sauti kidogo, kinanda kitakupinga. Kukiwa na gita la besi, mkono wa kushoto unyamaze au ushike sauti ndefu tu. Na pale isukuti, ngoma ya Waluhya, inapolia, hesabu mapigo makubwa mawili, kila moja na madogo matatu ndani yake, kodi uiweke kwenye makubwa. Ukijaza yale madogo, unakigombanisha kinanda na ngoma, na ngoma itashinda.

Nyumbani, weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Piga kodi huku ukiyasema maneno kwa mapigo yake, bila kuimba. Yakikaa, vumisha. Kisha imba. Ukiwa unakwama kila kodi inapobadilika, tatizo ni mkono. Rudi kwenye kodi mbili hizo peke yake. Mwendo ukae sawa mara tatu mfululizo ndipo uongeze 4.

Kiti nacho huharibu sauti. Kiti cha plastiki mara nyingi ni kifupi: viwiko vinakuwa chini ya vitufe, mabega yanapanda, kifua kinabanwa. Pachika viti viwili au vitatu hadi kiwiko kiwe sawa na vitufe. Kipaza sauti kije kwa mkono wa stendi kutoka pembeni, sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, mgongo wake ukiielekea spika ya jukwaani ili kisipige mluzi.

Stima ikipotea, jenereta iachwe itulie kwanza ndipo kinanda kiwashwe, na amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa, ya kwanza kuzimwa. Vinanda vingi vya kubebeka hukubali betri 6, zipime Jumamosi.

Ukianza kurekodi, ingia studio ukiwa na ki, namba ya mwendo na mpangilio wa beti umeviandika. Wimbo ni mali moja, rekodi yake ni nyingine, na hapa vijana wengi wenye vipaji huumia: wanalipia studio kisha hawajui nani mwenye rekodi. Andikeni kwenye karatasi kabla ya kipaza sauti kuwashwa: nani ametunga maneno, nani melodia, nani anamiliki rekodi, nani anabaki na faili za kila ala. Kenya inalinda wimbo hata kama haujasajiliwa, lakini cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hurahisisha ushahidi mkifika kwenye mzozo. Mfano wa kushika mali yako ni Mmarekani Thomas A. Dorsey: aliyepiga piano nyuma ya mwimbaji wa blues Ma Rainey kabla ya kuigeukia injili, alifungua nyumba yake mwenyewe ya kuchapisha nyimbo huko Chicago. Mtumie kila mmoja nakala ya makubaliano siku hiyo hiyo, na faili za ala uzichukue kabla hujamaliza kulipa.