Kabla hujasaini mkopo: namna ya kuifuata fedha mpaka kwa mwenyewe

Chukua fomu ya mkopo unaoutaka, penseli, na simu yenye kikokotoo. Usianze na riba. Afisa mikopo ataanza nayo kwa sababu ndiyo namba ndogo kuliko zote kwenye fomu. Wewe tafuta namba mbili tu: leo natoka hapa na shilingi ngapi mkononi, na siku ya mwisho nitakuwa nimelipa shilingi ngapi jumla. Ziandike pembeni, kubwa, uzione.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Kiboriloni, Moshi. Hesabu nilisomea Chuo cha Ushirika, na watu wamezoea kuniletea fomu zao baada ya kikao cha marejesho. Mama mmoja anayeuza ndizi mchare sokoni alinijia na fomu ya milioni moja, muda wa miezi 12. "Dada, wamesema ni asilimia tatu tu kwa mwezi," akaniambia. Tukaigeuza ukurasa kwa ukurasa. Ada ya kushughulikia mkopo, 30,000. Bima, 10,000. Akiba ya lazima, 100,000, inayoshikiliwa mpaka deni liishe. Zote zinakatwa siku ya kwanza, kwa hiyo mama anatoka mlangoni na 860,000. Rejesho ni 113,333 kila mwezi, mara 12, yaani 1,360,000. Hata akirudishiwa ile akiba, mkopo umemla 400,000 juu ya fedha 860,000, na fedha yenyewe hakukaa nayo mwaka mzima, maana kila mwezi alikuwa anairudisha kidogo kidogo. Ukipiga hesabu kwa kile kilichobaki mikononi mwake mwezi hadi mwezi, ile asilimia 3 inakuwa karibu 7. Kwa mwaka inapita 80.

Hakuna aliyemdanganya. Kila kitu kimeandikwa, ila kimetawanywa kurasa tofauti, na kazi ya kuvikusanya ameachiwa yeye.

Kinachoumiza zaidi pale ni namna riba inavyopigwa. Inapigwa juu ya milioni nzima mpaka mwezi wa mwisho, hata anapokuwa amebakiza deni la laki moja. Asilimia hiyohiyo 3 ikipigwa kwenye salio, yaani deni lililobaki, rejesho linashuka mpaka 100,462, na riba yote ya mwaka inakuwa kama 205,500 badala ya 360,000. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ofisini ni hili, liseme hivihivi: "Riba hii mnaipiga kwenye mkopo wote au kwenye salio?" Akijibu kwa maneno mengi, mwombe jedwali la marejesho. Jedwali lina safu ya riba. Kama namba ya riba ni ileile kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa 12, umeshapata jibu.

Sasa geuza ukurasa wa nyuma, wenye maandishi madogo. Kwenye fomu ya yule mama kulikuwa na sentensi inayosema mkopeshaji anaweza kuhamishia haki zake kwa mtu mwingine bila kumtaarifu mkopaji. Wengi wanairuka. Mimi naomba uisome mara mbili, kwa sababu humo ndimo ilimoanzia safari ya fedha kutoka kwa watu wanaofahamiana hadi kwa watu wasiojuana kabisa.

Kwenye kikundi chetu fedha ni ya kwetu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa wanachama watatu. Mwenzetu akikwama rejesho tunajua kwa nini: mtoto amelazwa KCMC, au mzigo wa mitumba ulikuwa mbovu. Hasara ikitokea inatuuma sisi, ndiyo maana tunamhoji mtu kabla hatujampa. Ushirika wa kahawa hapa mlimani ulisimama kwenye msingi huohuo. Wakulima walianza na chama chao cha KNPA mwaka 1925, kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Karani wa chama cha msingi alikijua kihamba chako, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, akakuandikia pembejeo kwa mkopo, ukakatwa kwenye malipo ya kahawa. Makato yalilalamikiwa, malipo ya mwisho yalichelewa, hayo siyafichi. Lakini ulijua mlango wa kugonga.

Mambo yalibadilika pale deni lilipogeuka kuwa bidhaa. Mwaka 1970 shirika la serikali ya Marekani, Ginnie Mae, lilidhamini hati ya kwanza iliyofunga mikopo mingi ya nyumba pamoja ili iuzwe kwa wawekezaji. Kuanzia hapo aliyekukopesha angeweza kuchukua ada yake, akaliuza deni lako, akaendelea na safari. Ukishindwa kulipa, hasara ni ya mwingine. Baadaye hati hizo zilikatwa vipande, vipande vikakusanywa kuwa hati nyingine, na kampuni ya bima ya AIG ikauza kinga dhidi ya hasara ya hati ambazo hata wanunuzi wake walishindwa kueleza ndani mna nini. Kila aliyeongeza tabaka alilipwa kwa kuliongeza. Mwenye nyumba akawa namba kwenye karatasi ya mtu wa nne au wa tano.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika, na siku iliyofuata benki kuu ya Marekani ikatangaza kuikopesha AIG dola bilioni 85. Mkulima wa Uru, hapa Moshi, hajawahi kukopa nyumba Florida. Lakini msukosuko huo uliangusha bei za mazao, na mwaka 2009 Serikali ya Rais Kikwete ikalazimika kutoa mpango wa kunusuru uchumi, sehemu yake ikienda kuwafidia wanunuzi wa pamba na kahawa walioumizwa na bei hizo. Uamuzi ulifanywa na watu wasioijua Moshi iko wapi, na bili ikafika hapa.

Sisemi kila fedha ya mbali ni mbaya. Kinachonitia hofu ni pale mtu anayeamua anapokuwa si yule atakayebeba hasara. Kwa hiyo swali la pili ni: "Deni langu mnaweza kuliuza? Mkiliuza, nitalipa wapi, na masharti yatabaki haya haya?" Taka jibu la maandishi. Na la tatu: "Nikikwama, nani ana mamlaka ya kuniongezea muda, na anakaa wapi?" Wakikuambia hayo yanaamuliwa na mfumo, hapo hakuna mtu. Punguza kiasi unachokopa mpaka kile ambacho ungeweza kukilipa hata mwezi wa njaa.

Kama unalima kahawa, kuna hesabu nyingine ya kufanya kabla hujakopa kwa kutegemea mavuno. Bei ya arabika inayotajwa redioni inatoka kwenye soko la New York, kwa senti za dola kwa pauni moja. Tuseme ni senti 200. Gawa kwa 100, upate dola 2 kwa pauni. Zidisha kwa 2.2, upate dola 4.4 kwa kilo. Zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo; ikiwa ni 2,500, unapata 11,000. Hiyo ni ya kahawa safi iliyokobolewa. Wewe unapeleka kahawa kavu yenye ganda la ndani, ambayo kilo 100 hutoa kama 80 za kahawa safi, hivyo yako inasimama kwenye 8,800. Ubora unaweza kuipandisha au kuishusha mnadani. Halafu ndipo yaanze makato: kukoboa, usafiri, ushuru, pembejeo. Kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, yaani chama chenu cha msingi cha ushirika, iombe bodi iyasome makato hayo moja moja mbele ya wanachama, kila moja na kiasi chake kwa kilo. Namba ya New York huwezi kuigusa, lakini ya makato unaweza.

Na ile ya New York usiijengee nyumba. Kontrakti moja pale, yaani mkataba wa kuuziana kahawa ya tarehe ya mbele, ni pauni 37,500, kama tani 17, na wengi wanaozinunua na kuziuza hawajawahi kupokea hata gunia moja. Wanacheza na matarajio ya baridi kali Brazil na thamani ya dola. Mpaka Julai 1989 kulikuwa na makubaliano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya kuuza kahawa. Yalipovunjika bei ilianguka vibaya, na wapo waliong'oa mibuni katika vihamba hivi hivi. Rejesho lako likitegemea bei ya leo ndiyo liwezekane, mkopo huo ni mkubwa mno.

Mikopo ya simu sitaichelewesha. Ukiomba 50,000, ukapokea 40,000, ukatakiwa kulipa 50,000 baada ya siku saba, umelipa robo ya fedha uliyopokea kwa wiki moja. Hiyo ndiyo "kausha damu" yenyewe, mikopo inayomnyonya mkopaji. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu yako, ifute. Inatafuta wa kuwapigia uaibike. Angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali.

Kuhusu dhamana: kihamba au nyumba ya familia haiwekwi rehani na mmoja peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya ndoa. Mume asisaini kwa siri, wala mke asiletewe karatasi jikoni asaini bila kusomewa.

Ukimaliza yote, omba nakala ya mkataba pamoja na jedwali la marejesho, ukalale nazo nyumbani usiku mmoja, na mtu wa pili azisome. Ofisi inayokataa kukupa nakala kabla ya kusaini, iache. Ukishasaini, kila rejesho lidai risiti na uibane pamoja na mkataba. Yakitokea makato usiyoyaelewa, andika barua kwa mkopeshaji, utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, na ni taasisi yenye leseni ya Benki Kuu, panda basi la Arusha uende kwenye tawi la Benki Kuu na hilo faili mkononi.