Namna ya Kujenga Kazi ya Kudumu katika Dansi ya Tapu, Jukwaani na Darasani

Dansi ya tapu ilizaliwa Marekani, pale ngoma za Waafrika waliofanywa watumwa zilipokutana na dansi za miguu za Wairishi na Waingereza, na hadi leo New York ndiyo makao yake makuu. Mchezaji huvaa viatu vyenye vibati vya alumini kwenye ncha na kwenye kisigino, akapiga muziki kwa miguu yake mbele ya watu, kama mcheza ngoma wetu anavyosikika kwa njuga zake kabla hata hajaonekana vizuri. Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kuishi kwa kazi hiyo, naye akubali tangu mwanzo kwamba anaingia katika kazi mbili, kucheza na kufundisha, na kwamba hakuna hata moja iliyo ya akiba.

Historia inathibitisha jambo hili. Honi Coles na Cholly Atkins walikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa wakati wao, wakisifiwa kwa kucheza polepole mno bila kupoteza pigo hata moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bendi kubwa zilipungua, kumbi za burudani zilifungwa na maonyesho ya Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, yakaelekea kwenye baleti, kwa hiyo wachezaji wengi wa tapu walikosa kazi. Coles akawa meneja wa jukwaa katika Apollo Theater ya Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi mjini New York, naye Atkins akaajiriwa na Motown, kampuni ya kurekodi muziki, kuwafundisha waimbaji, wakiwamo The Temptations na The Supremes, namna ya kusogea jukwaani. Coles alipata Tony, tuzo kubwa ya maonyesho ya Broadway, mwaka 1983, akiwa amepita umri wa miaka 70, na Atkins akapata ya kwake mwaka 1989. Ujuzi wao haukufa katika miaka hiyo ya ukame kwa sababu waliendelea kuutumia na kuurithisha.

Anza na sikio

Kosa kubwa la wanafunzi ni kukusanya hatua nyingi kabla ya kujifunza kusikia. Mcheza tapu ni mwanamuziki. Chagua wimbo wa jazi wenye muundo wa kawaida, yaani makundi 32 ya mapigo manne manne, uusikilize mpaka uweze kusema uko kundi la ngapi bila kuhesabu kwa sauti. Kisha jifunze hatua ya msingi ambayo wachezaji huitumia kushika wakati: hurudiwa kwa makundi sita, halafu makundi mawili ya mwisho huvunja mtiririko na kuifunga sentensi ya muziki. Ukiimudu hiyo katika kasi tatu tofauti, ukiwa na metronomi (kifaa cha kuhesabu mapigo) na bila metronomi, utakuwa umepata msingi ambao hakuna mwajiri atakayeupuuza.

Fuata na Shim Sham, dansi fupi ya mwishoni mwa miaka ya 1920 inayohesabiwa kuwa kazi ya Leonard Reed na Willie Bryant. Wacheza tapu huicheza pamoja mwishoni mwa tamasha, wakubwa kwa wadogo, na asiyeijua hubaki pembeni. Jifunze pia kutofautisha mitindo: Bill Robinson alicheza wima, wepesi wote ukiwa kwenye ncha za miguu, ilhali John Bubbles alishusha visigino na hivyo akapata sauti nzito na midundo mirefu zaidi. Kwa maonyesho ya Broadway utahitaji mikono na umbo la mwili kama la Robinson. Kwa kucheza na bendi ya jazi utahitaji visigino vya Bubbles.

Kubuni papo kwa papo si mapambo ya mwisho, bali ni sehemu ya mazoezi ya kila siku. Katika Hoofers Club, chumba cha mazoezi cha wacheza tapu huko Harlem, vijana waliwatazama wakubwa wakishindana, na ilikuwa aibu kuiga hatua za mwenzako bila kuzibadili. Tafuta mpiga drams, mpokezane makundi manne kila mmoja, naye akijibu ulichosema kwa miguu, utajua kama ulisema jambo lenye maana.

Viatu na sakafu

Nunua viatu vya ngozi vyenye soli ngumu, na vibati viwe vimefungwa kwa skrubu. Beba bisibisi daima: skrubu ikilegea hubadilisha sauti, na ikichomoza hukwaruza sakafu ya watu, jambo linaloweza kukunyima mwaliko wa pili.

Sakafu ni muhimu kuliko viatu. Usifanye mazoezi juu ya saruji, wala juu ya vigae vilivyowekwa juu ya saruji, hata kama chumba ni cha bure, kwa maana mshtuko wote hurudi kwenye miundi, magoti na mgongo, na maumivu ya muundi yakishakita mizizi huchukua miezi kupoa. Sakafu nzuri ni ya mbao ngumu, kama ile ya mti wa mepo, iliyoinuliwa juu ya fremu ili inese kidogo. Asiye na studio ajitengenezee ubao wa plaiwudi unaobebeka, auweke juu ya mpira au zulia zito. Ubao huo huo utakufaa katika mikahawa, makanisa na kumbi ambazo wenyewe hawaruhusu vibati kugusa sakafu yao.

Kutafuta kazi za jukwaani

Kazi za Broadway hupatikana kwa usaili, na mara nyingi mchezaji hutakiwa pia kuimba na kuigiza, kwa hiyo wekeza katika masomo ya sauti mapema. Maonyesho huwa manane kwa wiki, na chama cha Actors' Equity ndicho kinachosimamia mikataba ya waigizaji na wachezaji. Njia ya pili ni vikundi vya tapu vyenyewe. Michelle Dorrance alikulia katika kikundi cha vijana cha Chapel Hill, North Carolina, akacheza kazi za watu wengine New York kwa miaka, ndipo alipoanzisha Dorrance Dance mwaka 2011. Miaka minne baadaye alipata ufadhili wa MacArthur, unaotolewa Marekani kwa watu wenye ubunifu wa pekee. Njia ya tatu ni bendi, sherehe na matamasha, na hapa ndipo wengi wanapopata kipato cha kawaida.

Kabla ya kukubali mwaliko wowote, uliza kwa maandishi: sakafu ni ya nini, maikrofoni za sakafuni zipo ngapi, bendi itakuwapo au ni muziki uliorekodiwa, nani analipa nauli, na picha za video zitatumika wapi. Mwandalizi asiyejua kwamba miguu inahitaji maikrofoni atakuweka juu ya zulia mbele ya tarumbeta, na hadhira haitasikia kitu. Aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo asipokee malipo ya kucheza kabla ya kupata idhini ya kufanya kazi.

Darasani

Ninaamini kwa dhati kwamba darasa ndilo lililoiokoa dansi hii. Katika miaka ya 1970 wachezaji kama Brenda Bufalino na Dianne Walker waliwatafuta wazee waliokuwa wamesahauliwa, wakajifunza kwao na kuwarudisha jukwaani. Bufalino alijifunza kwa Coles, wakacheza pamoja, na mwaka 1986 akashiriki kuanzisha American Tap Dance Orchestra, mzizi wa taasisi ya American Tap Dance Foundation inayofundisha New York hadi sasa.

Ufundishapo, imba mdundo kwanza, wanafunzi waupige kwa makofi, ndipo uwaonyeshe miguu. Jina la hatua lije mwisho. Gawa saa moja hivi: dakika chache za kupasha vifundo vya miguu moto, mazoezi ya sauti moja moja kwa kila mguu, sentensi moja ya kukariri, na duara ambamo kila mtu anabuni kidogo. Duara lisikosekane hata kwa watoto wa miaka saba. Unapofundisha hatua ya mtu, mtaje. Ukisema kwamba hii ni ya Jimmy Slyde, mwanafunzi atamtafuta katika filamu na kuona alivyoteleza.

Studio binafsi za Marekani hazidai leseni, lakini shule za umma hudai cheti cha ualimu cha jimbo. Nchini Uingereza studio nyingi huthamini mitihani ya Imperial Society of Teachers of Dancing. Weka bei ya somo la mtu mmoja juu ya ile ya darasa la kundi, kata bima ya majeraha, na omba nafasi ya kufundisha katika matamasha kama ya Chicago Human Rhythm Project mapema. Tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Bill Robinson, huadhimishwa Marekani tangu mwaka 1989 kuwa Siku ya Dansi ya Tapu. Mwalimu mpya atumie juma hilo kufungua darasa la bure, kwani ndilo wakati ambapo maktaba, shule na magazeti ya mtaani huwa tayari kulitangaza.